Siku Niliyosema Wazi

Asubuhi ile tulikuwa watano. Baba yangu, karani wa ghala la pamba hapa Kasongo. Mama yangu, na mwavuli wake mweusi. Kaka yangu, kifungua mimba wa mama, aliyekuwa akijipapasa kidevu kila siku kutafuta ndevu ambazo hazijaota. Mdogo wangu, bado wa kubebwa mgongoni. Na mimi, binti wa katikati, ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yalikuwa yanarudi. Nyumbani tulimwacha Bibi, mama mzazi wa baba. Nyumba ilikuwa yake na neno la mwisho lilikuwa lake. Kule Kabambare alikuwako shangazi, dada mkubwa wa baba, pamoja na mumewe, mganga wa dispanseri, na hao nao wamo katika habari hii. Halafu juu ya mti alikuwako mtu mmoja asiye wa ukoo wetu. Huyo sikumwona kwa wakati, na ndiyo maana ninaandika.

Majina yao wote ninayo kichwani, hata jina la beberu wa jirani. Siyaweki hapa kwa sababu wengi wameacha watoto, na watoto hao sijawaomba ruhusa.

Aparei ya foto, yaani kamera, ilikuja kwetu wakati mzungu mmoja wa pamba alipomaliza miaka yake akarudi kwao Ulaya. Aligawa vitu vyake. Mpishi alipata godoro, mlinzi alipata koti la mvua, na baba akapata kisanduku cheusi chenye jicho mbele na kidirisha chekundu nyuma. Nakumbuka alikileta amekifunga katika kitambaa, amekishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mayai.

Bibi alikikataa kabla hakijavuka kizingiti. Yeye alizaliwa wakati wa Waarabu, alisomeshwa Kurani na baba yake mwenyewe, na kwa habari ya picha hakuwa na mchezo.

"Ukitengeneza sura ya kitu chenye roho," alimwambia baba, "siku ya kiyama utaambiwa, haya, kipulizie pumzi. Utapuliza nini wewe, unayeishiwa na pumzi ukipanda kinga kutoka hapa mpaka sokoni?" Kinga kwetu ndiyo baiskeli.

Baba alikuwa mtu mzima, ana watu chini yake pale ghalani, lakini mbele ya mama yake alisimama kama mtoto aliyevunja chungu.

"Mama, je, mlima?"

"Mlima una roho?"

"Hauna."

"Basi unaniuliza nini?"

"Na mto?"

"Mto unatembea, lakini haupumui."

"Na mti, mama?"

"Mti si kitu. Piga miti mpaka uchoke. Lakini sikia, na ninyi nyote sikieni. Siku roho moja itakapoingia mle, hata ya kuku, kisanduku hicho kinatoka nyumbani mwangu na hakirudi."

Baba akasema, "Nimekubali, mama. Nakupa neno langu."

Ndivyo tulivyogeuka kuwa watu wa kupiga foto nchi tupu. Wengine mjini waliokuwa na aparei walipiga maarusi na watoto waliopakwa mafuta. Sisi tulipiga vilima, mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, njia isiyo na mpitaji, ukingo wa mto Lualaba bila mtumbwi hata mmoja. Tulitoka siku ya Jumapili. Kwanza ghala la pamba lilikuwa limefungwa. Pili, saa hiyo Wakristo wote walikuwa misani, na njia za mashambani zilikuwa nyeupe. Kwa mtu anayeogopa kupiga roho, hakuna saa nzuri kama saa ya misa ya watu wengine.

Kila mmoja alikuwa na kazi yake. Mama alimfunika baba kwa mwavuli, maana baba alikuwa anatazama chini, katika kioo kidogo kilichokuwa juu ya kisanduku, na jua likipiga kile kioo huoni kitu. Na hata ukiona, mle ndani kulia inakuwa kushoto na kushoto inakuwa kulia, tena vyote vidogo na vyenye giza. Baba mwenyewe alisema, "Mle hata tembo anaweza kujificha." Kwa hiyo kaka alitangulia na kinga kufukuza mbuzi na kuwabembeleza wapitaji wasimame kidogo. Na mimi nilipanda mahali pa juu, jiwe au kichuguu, nikatazama nchi yote iliyo mbele ya lile jicho. Nikiona hakuna chenye pumzi, ninapaza sauti: "Wazi!" Baba hakubonyeza mpaka asikie neno hilo. Kaka aliwahi kuiomba kazi yangu. Baba akamwambia, "Wewe unatazama kama mtu mwenye njaa. Huyu anatazama kama mwenye kuhesabu." Nilivimba kichwa mwezi mzima.

Filamu ikijaa, foto nane, ilifungwa katika karatasi na kupewa dereva wa kamyo, yaani lori, anayekwenda Kabambare. Kule mume wa shangazi ndiye aliyeziosha. Kazi hiyo aliifundishwa na daktari mmoja, naye aliziba dirisha la chumba kwa blanketi na kufanya mambo yake na maji ya dawa. Foto zilirudi kwa kamyo nyingine, mara baada ya wiki mbili, mara baada ya tano, kadiri njia ilivyotaka.

Kabla mtu yeyote hajazifurahia zilipita kwa Bibi. Alizishika mojamoja karibu na pua, akapitisha ukucha wa kidole kidogo kila mahali, kama mtu anayetafuta chawa. Safari moja ukucha ulisimama. Juu ya kilima, mbinguni, palikuwa na kitone cheusi.

"Mwewe," alisema Bibi.

"Doa la maji, mama."

"Mwewe. Nayaona mabawa."

Alikwisha kukibeba kisanduku mpaka mlangoni wakati mama alipolowesha ncha ya leso yake na kukifuta kile kitone, kikatoka. Bibi alikirudisha kisanduku mahali pake. Baba alitoka nje, akakaa nyuma ya nyumba, na nilipomfuata nilimkuta anajipepea kwa kofia kama aliyetoka kukimbia. Siku hiyo ndipo nilipojua anakipenda kitu kile kiasi gani. Kabla ya hapo nilidhani tunacheza tu.

Sasa naja kwenye asubuhi yenyewe.

Kiangazi chote moshi wa kuchoma mapori unaficha vilima, huwezi kupiga foto ya mbali. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha siku mbili, hewa ikatakata. Baba alikuwa na foto moja tu iliyobaki katika filamu, ya nane, naye alikuwa ameiweka kwa ajili ya mahali pamoja njia ya mtoni, ambapo ukisimama unauona mto unavyojikunja, na ng'ambo yake misitu inapanda. Mara tatu alikwenda akarudi bila kubonyeza, kwa sababu ya moshi. Safari hii tulifika, na mto ulikuwa unang'aa mpaka macho yanauma.

Mbele yetu, upande mmoja, ulisimama mti wa ngazi, wengine mnauita mchikichi, mrefu sana, peke yake. Baba aliutaka uwemo. "Bila mti, mto hauna ukubwa," alisema.

Kaka alifukuza mbuzi wawili. Kisha akamsimamisha mwanamke mmoja mwenye mzigo wa kuni, ambaye alimwuliza kama njia hii imekuwa ya baba yake. Mimi nikapanda kichuguu kilichokuwa karibu na ule mti, pembeni, lile jicho lisipofika. Nilitazama njia, hakuna mtu. Shamba la mihogo, tupu. Ukingoni, tupu. Hata panzi nilitafuta. Nikapaza sauti: "Wazi!" Nikasikia kisanduku kinasema ka.

Halafu mti ukakohoa.

Niliinua macho. Kule juu kabisa, katikati ya makuti, niliona miguu miwili imekanyaga shina, na kamba ya kupandia imemzunguka mtu kiunoni. Alikuwa mgema wa malafu, ile pombe ya mchikichi, mwanamume wa kijiji cha jirani, Mzimba kwa kabila, ambaye sote tulimjua kwa kumwona akipita na vibuyu. Nilikuwa nimekagua nchi yote kwa chini. Kwa juu sikutazama. Mbuzi hapandi miti, kuku hapandi, na watu wa kupanda miti nilijua wako misani.

"Ee, mutoto wa karani!" alisema, tena si kwa sauti kubwa, maana na yeye alikuwa na sababu zake za kutosikika saa ile. "Munapiga nini pale?"

"Foto."

"Na mimi nimeingia?"

Nikaangalia kisanduku, nikamwangalia yeye. Akacheka. "Basi nimeingia! Mimi tangu nizaliwe sijaingia katika foto. Ngoja nimuulize baba yako itatoka lini."

"Usimwambie," nilisema. "Nakuomba. Mimi nitakuletea foto yako. Lakini usiseme."

"Utaniletea kweli?"

"Nakupa neno langu."

Baba aliita kutoka kule nyuma. "Nani anakohoa huko?"

"Ni mimi, baba."

Ndugu zangu, hapo ndipo kosa lilipo. Neno "wazi" nililisema kwa moyo mweupe. Lakini hili la kukohoa nililisema nikijua. Tena nilijua kitu kingine: kwamba kama ningesema kweli saa ile, dawa ilikuwako. Baba angefungua kisanduku juani, filamu ingekufa, foto nane zingepotea na kisanduku kingebaki. Nilimtazama nikitaka kusema. Alikuwa anazungusha filamu ile kwa kidole, polepole, anatabasamu peke yake, anamwambia mama, "Hii hata mama yangu ataiomba akae nayo." Nikashuka kichuguuni nikiwa kimya.

Kesho yake filamu ilipanda kamyo.

Kuanzia hapo sikuwa na siku ya raha. Nilikuwa na hofu mbili, na sikujua ipi ni kubwa. Ya kwanza, kisanduku kutolewa nyumbani na Jumapili zetu kwisha. Ya pili ndiyo iliyoninyima chakula. Niliona kama kwa macho baba yangu amesimamishwa mbele ya watu wote waliopata kuishi, anaambiwa ampulizie pumzi yule mgema, naye anapuliza, anapuliza, mashavu yamevimba, hajui hata ni nani huyu, na mimi niko hapo nyuma najua. Mama aliniuliza kama nina minyoo.

Nilianza kuomba. Kila baada ya sala niliongeza langu: filamu ile iingie maji, ianguke njiani, kamyo ikwame. Mwisho nikaomba daraja livunjike. Nalo likavunjika. Daraja la magogo katikati ya njia ya Kabambare lilichukuliwa na maji, kamyo zikasimama, na baada ya siku kumi chumvi ikawa haipatikani sokoni. Wanawake walikuwa wanalalamika kila mahali. Mama anakoroga sombe, majani ya mihogo, bila chumvi, anasema, "Sijui tumemkosea nini Mungu." Mimi nilikuwa najua tumemkosea nini, na nani aliyemkosea.

Na mgema naye hakunisahau. Kila siku ya soko alipita mbele ya uzio wetu na vibuyu vyake, akapunguza mwendo.

"Mutoto wa karani! Bado sijatoka?"

"Bado."

"Nachelewa hivi ninaoshwa na maji gani?"

Nilimpa vitumbua vyangu aondoke. Alivila, akasema vitamu, akarudi siku ya soko iliyofuata akitaka habari za foto pamoja na vitumbua. Bibi alikuwa barazani akichambua mchele.

"Yule mtu wa malafu anakusemesha nini?"

"Anauliza saa, Bibi."

"Mtu wa malafu anaitakia nini saa?"

Nikaingia ndani upesi. Huo ulikuwa uongo wa tatu au wa nne. Nilikuwa nimeanza kuuhesabu kwa vidole, kisha nikaacha.

Daraja lilipotengenezwa, foto hazikuja na dereva. Zilikuja na shangazi mwenyewe. Alikuwa amepata karatasi ya ruhusa ya kutoka Kabambare, akapanda juu ya magunia, akafika amejaa vumbi jekundu, anacheka. Shangazi alikuwa mtu wa kucheka. Alimletea Bibi chumvi, na bahasha.

Ilikuwa baada ya alasiri. Tulikaa barazani wote. Bibi akaanza na ukucha wake. Ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Mimi nilikuwa nimeshika nguzo. Ya saba, safi. Ya nane aliishika muda mrefu, hata mimi nikaona kwamba ni nzuri. Mto ulikuwa umejikunja wote, ng'ambo misitu, na mti ule mmoja umesimama mbele kama mwenye nyumba.

"Hii nzuri," alisema Bibi. Sikuwa nimepata kumsikia akilisema neno hilo juu ya foto.

Shangazi akasema, bila ubaya wowote, "Hata mume wangu anasema hivyo. Anasema ndugu yangu sasa amejua kazi. Ila ananiuliza, kile kitu kule juu ya mti ni nini?"

Ukucha ukapanda shina mpaka juu, ukasimama.

"Ni shada la ngazi," alisema baba.

"Shada gani lina miguu?" alisema Bibi.

"Mama, ni shada. Au kuti limekauka. Mtu hayuko pale." Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mwanangu alisema wazi. Jicho lake nalijua. Siku ile ya mwewe tuliogopa bure, na leo tunaogopa bure."

"Unaweza kuapa?"

"Kwa jicho la mwanangu naapa. Niletee msahafu."

Bibi akasema, "Usiushike hivihivi. Tawadha kwanza."

Baba akachukua birika, akachuchumaa ukingoni mwa baraza. Nawaambieni, sijapata kuyatazama maji namna ile. Aliosha viganja. Akasukutua. Akaosha uso, na midomo yake ilikuwa inatembea, sijui inasema nini. Mkono wa kulia mpaka kiwiko. Mkono wa kushoto. Akapaka kichwa, akapitisha vidole masikioni. Kaka alikuwa ananitazama. Alikuwa ameona kitu usoni mwangu. Mguu wa kulia, akapitisha kidole kati ya vidole, mmoja baada ya mwingine. Akauvuta mguu wa kushoto mbele.

"Baba, usiape," nilisema. "Ni mtu. Ni yule wa malafu. Alikuwa juu, na mimi sikutazama juu. Nilimwona baadaye."

Baba alibaki ameinua birika. Kisha akaumiminia maji ule mguu uliobaki, polepole, kwa sababu udhu ukiuanza unaumaliza. Akasimama, akaingia ndani, tukasikia anasali. Haikuwa saa ya sala.

"Kisanduku kinatoka," alisema Bibi.

Shangazi alijaribu. "Mama, ni kadogo kama mbegu ya mchicha!"

"Roho haina ndogo."

"Mtoto mwenyewe amesema."

"Amesema leo. Mvua ngapi zimenyesha tangu siku ile?"

Keshokutwa yake shangazi alirudi Kabambare, na kisanduku kilikuwa mapajani mwake, kimefungwa katika kitambaa kilekile. Filamu yenyewe, ambayo kwa macho yake ilikuwa giza tupu, Bibi aliitia katika jiko. Ile foto ya nane ilibaki. Hakutaka kuichoma, alisema hawezi kumchoma mtu.

Siku ya soko mgema akaja. Alikuwa amesikia habari za bahasha, sijui kwa nani. Kasongo ni hivyo. Alikuwa amenyoa, amevaa shati safi. Kabla hajaniita, Bibi alimwita yeye.

"Wewe, ingia."

Aliingia akiwa ameinama, ameacha vibuyu nje ya uzio kwa heshima. Bibi alikuwa ameishika foto kwa ncha ya leso yake, kama unavyoshika kaa la moto.

"Chukua roho yako uondoke nayo. Siitaki nyumbani mwangu."

"Asante, mama. Asante sana." Aliipokea kwa mikono miwili. Aliitazama. Akaigeuza juu chini, akaitazama tena. "Mama, mimi iko wapi?"

"Hujioni?"

"Naona mto. Naona muti wangu. Mimi mutu muzima hivi, munanifanya kama nyuki?"

Bibi akakasirika. Akainuka kitini, akaweka ukucha wake mwenyewe juu ya foto. "Huyu hapa. Hii miguu. Hii kamba."

"Ndiyo, miguu ni yangu," alisema mgema, akakunja uso. "Na kichwa?"

"Kichwa..." Bibi aliisogeza foto karibu na pua. Ukucha ulizunguka. Ulirudi ukazunguka tena.

"Kichwa hakuna," alisema mgema, na huzuni yake ilikuwa ya kweli. "Makuti yamekula kichwa. Sasa kule kwetu nitawaambia ni mimi, nani atakubali?"

Mama, aliyekuwa mlangoni, akasema, "Afadhali. Katekista akiuliza nani alikuwa juu ya mti saa ya misa, hatakujua."

Mgema akacheka mpaka akashika goti. Akaipiga ile foto kwa kiganja. "Mama, hapo umesema!" Akaondoka nayo. Nilisikia baadaye kwamba aliibandika ukutani kwa utomvu, na wageni wakiuliza, aliwaonyesha miguu.

Lakini Bibi hakucheka. Alikaa kitini, mchele mbele yake, hauchambui. Jioni, baba aliporudi kazini, alimwita.

"Mwanangu, ile sura haina kichwa. Baba yangu alinifundisha, kitu kisicho na kichwa ni kama gogo. Kulikuwa hakuna roho mle. Mwandikie dada yako akirudishe kisanduku."

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Nilimsikia baba akisema:

"Hapana, mama. Kibaki huko huko."

"Nimekwambia nimekosea."

"Hukukosea. Ulibaki mguu mmoja tu niape uongo."

Bibi akauvuta mchele wake karibu. Na mimi nilielewa alichosema kuliko mtu yeyote katika nyumba ile.

Hakunipiga. Hakunikemea hata siku moja. Mwaka uliofuata alipotumwa Kabambare kwa kazi ya pamba, alinichukua, nikakalishwa mbele katika kamyo, kati yake na dereva. Nilifurahi njia nzima, nikidhani ndiyo msamaha. Shangazi alitoa kisanduku. Tulikwenda, baba, mimi na mume wa shangazi, mpaka mahali ambapo vilima vya kule vinaonekana kimoja nyuma ya kingine. Nikatafuta mahali pa juu kwa mazoea, nikaona kichuguu, nikapanda. Baba alikuwa ameweka kisanduku chini, anaizunguka nchi yote kwa miguu yake mwenyewe, anatazama njia, anatazama vichaka, anapiga makofi kufukuza ndege. Ilimchukua muda mrefu sana. Aliporudi aliniona bado nimesimama kule juu.

"Shuka, mama," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita akiwa na upole. "Jua kali. Kaa kivulini."

Nikashuka. Akabonyeza bila neno la mtu.

Haya ndiyo ninayoyashika. Mdogo wangu anabisha kwamba daraja lilivunjika kabla ya filamu kupanda kamyo, si baada. Yeye alikuwa mgongoni, lakini huenda alisimuliwa na mama, na mama hakuwa mtu wa kubahatisha. Kama ni kweli, basi ile chumvi haikuwa dhambi yangu, na ningefurahi kuambiwa. Ninyi wa Kasongo na wa Kabambare, ambao wazee wenu walikaa karibu nasi, mkiona nimekosea siku, au mti, au maneno ya mtu, nisahihisheni. Macho yangu yamechoka lakini masikio yangali mazima. Na kama yuko aliyesikia kwa wakubwa wake, waliokuwa wakipita njiani alasiri ile, kwamba baba yangu alikwisha kuapa kwa jina la Mungu pale alipokuwa ameshika birika, kabla mimi sijafungua kinywa, aniambie hilo nalo. Midomo yake niliiona ikitembea. Sijui mpaka leo ilisema nini.